Harusi Mfunguo Mosi, goti Mfunguo Nne



Mara nyingi mkitukuta hapa huwa tunazungumza singo, udi, rangi za nguo za akdi na namna ya kuishi na wifi mwenye maneno. Leo tunazungumza goti. Tunaandika wawili, mkubwa na mdogo, watoto wa mama mmoja. Goti ni la mdogo, lakini magongo tuliyabeba sote. Tumeamua kuliandika kwa sababu tangu litufike tumesimamishwa njiani na wasichana watatu, wote wachezaji, wote wameposwa, wote goti linawacheza, na swali lao ni moja: nifanyiwe operesheni kwanza au niolewe kwanza?

Mdogo anacheza mpira wa pete, nafasi ya senta, tangu yuko skuli. Mnaoujua mchezo huu mnajua kanuni yake kubwa: ukidaka mpira hukimbii nao. Mguu uliotua nao kwanza ukishauinua, huruhusiwi kuukanyaga tena chini kabla hujautoa mpira. Kwa hiyo mtu anakuja kwa kasi, anaruka, anadaka, anatua na kusimama papo hapo kama aliyekutana na ukuta. Kwa sisi watazamaji huo ndio uzuri wenyewe. Kwa goti ni mtihani kila dakika. Ilikuwa Mfunguo Tano, mechi ya kirafiki, kiwanja cha saruji. Alidaka, akatua kwa mguu wa kushoto, kiwiliwili kikageuka kumtafuta mwenzake na mguu ukabaki ulipo. Hakuguswa na mtu. Alisikia "ta!" ndani ya goti, kama kijiti kikavu, akakaa chini. Kufika Magharibi goti lilikuwa limejaa kama balungi.

Kituo cha kwanza tulichokwenda walipiga eksirei wakatuambia mfupa mzima, ameteguka tu, apumzike wiki mbili. Na mfupa kweli ulikuwa mzima. Tatizo ni kwamba ligamenti haionekani kwenye eksirei. Wiki mbili zikapita, uvimbe ukashuka, akaanza kutembea vizuri hata majirani wakasema alhamdulillah, kapona. Lakini akishuka ngazi, au akigeuka ghafla na sufuria mkononi, goti linamtoka, kama mtu aliyekalia kiti chenye mguu mmoja mbovu. Ndipo tukapata daktari wa mifupa aliyelishika goti lile kwa mikono miwili, akauvuta ugoko mbele kidogo, akatuangalia, akaandika kipimo cha MRI. Majibu hayakumshangaza: ligamenti ya mbele imekatika yote.

Tuwaeleze kwa ufupi, maana sisi wenyewe tulieleweshwa mara tatu. Ndani ya goti, katikati, kuna ligamenti mbili zilizopishana kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Ile ya mbele kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele na goti lisijipinde unapogeuka. Wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka huikata zaidi kuliko wanaume wa mchezo ule ule, mara mbili au zaidi. Sababu zinazotajwa ni maumbile, namna tunavyotua, na nguvu ya misuli ya paja na nyonga. Maumbile hatuyabadilishi, lakini kutua kunafundishika. Yapo mazoezi ya kupasha mwili moto, kama yale yanayoitwa FIFA 11+, yanayopunguza majeraha ya namna hii, na timu ya mdogo sasa inaanza nayo kila jioni. Dakika 20 tu. Kama una mtoto wa kike anayecheza, muulize mwalimu wake.

Sasa tuje kwenye lile lililotukosesha usingizi nyumbani kwetu.

Mdogo alikuwa ameposwa. Harusi imepangwa Mfunguo Mosi, baada ya Idi, kama ilivyo kawaida yetu Unguja. Baba akaita kikao. Shangazi, ambaye hana tabia ya kuzungukazunguka, akasema: "Mtoto anaolewa. Mpira wenyewe ndio unaishia hapo. Mnamchana goti la nini?"

Msimcheke Shangazi. Daktari mwenyewe alikuwa ametuambia si kila ligamenti iliyokatika lazima itengenezwe. Mtu asiyerudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka anaweza kuishi vizuri kwa kuijenga misuli ya paja mpaka ikashika goti. Kuna utafiti wa Sweden, uliochapishwa 2010, uliowagawa vijana waliokatika ligamenti hii: wengine wakafanyiwa operesheni mapema, wengine wakaanza na mazoezi peke yake. Katika kundi la pili, zaidi ya nusu hawakuhitaji kisu katika miaka miwili ile, na hali za makundi hayo mawili hazikupishana sana. Kwa hiyo kama ni kupika, kupanda daladala na kwenda shughulini, Shangazi alikuwa na hoja.

Ila hoja yake ilisimama juu ya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Kikao kizima kilikuwa kinajua kwamba mpira unaisha. Kina Mama walijua, wajomba walijua. Mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, akasema kwa sauti ya chini: "Mimi sijasema naacha." Pakawa kimya. Mama akainuka akaenda kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa, wapenzi. Tungemtengeneza goti kwa ajili ya nani? Kama goti la bi harusi ni kwa ajili ya kwenda jikoni na kurudi, basi misuli inatosha. Kama mwili ni amana aliyopewa mwenyewe, na Mola amempa pumzi na miguu ya kukimbia, na anakimbia kwa stara yake, suruali ndefu ndani ya sketi, mtandio umefungwa vizuri, mbele ya wanawake wenzake, basi ana haki ya kuulizwa anataka kuutumia vipi. Aliulizwa, ingawa kwa kuchelewa. Akasema anataka goti litakalomrudisha kiwanjani.

Likabaki suala la kwa wakwe. Wapo walioshauri tunyamaze mpaka akdi ipite, eti watu watasema tunawapa mwari mwenye kasoro. Tulimuuliza ustadhati wetu wa madrasa. Alituambia goti haliko katika aibu ambazo wanazuoni wamezitaja za kuvunjia ndoa, kisha akaongeza: "Lakini mtu anayekuja kuishi naye atayaona magongo, wanangu. Bora ayasikie kwenu." Baba na Mjomba wakavaa kanzu wakaenda. Mama wa bwana harusi aliuliza swali moja, nalo ni lile ambalo kila mama angeuliza: je, ataweza kubeba mimba? Jibu la daktari tulikuwa nalo tayari: ligamenti ya goti haina uhusiano na kizazi. Mwenye kutaka kushika mimba katika miezi ya mwanzo ya mazoezi azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu ya uzito na mazoezi yenyewe, basi.

Bwana harusi naye aliuliza moja: "Atacheza tena?" Mjomba, akidhani anataka kuambiwa hapana, akajibu kwa mafumbo. Kumbe dada yake anacheza timu moja na mdogo, na ndiye aliyepeleka habari za mdogo nyumbani kwao tangu mwanzo. Alikuwa anauliza tu.

Pesa tutaipita haraka. Zamu ya Mama ya mchezo, ile iliyokuwa iende kwenye ukumbi na mapambo, ikaenda kwenye goti. Harusi ikawa ya nyumbani na uwani kwa jirani, na wali ukaliwa vile vile.

Operesheni haikufanywa siku ile ile. Daktari alitaka uvimbe uishe na goti linyooke na kukunjika vizuri kwanza, kwa hiyo mdogo alifanya mazoezi wiki kadhaa kabla ya kisu. Hili watu hawalijui, wanafikiri kungoja ni kupoteza muda. Mwanzoni mwa Mfunguo Saba tukapanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam.

Kwa wale wanaoogopa habari ya stara: semeni mapema. Sisi tuliomba tangu siku ya miadi, tukasema tungependa muuguzi wa kike amwandae, na nywele zisionekane. Alipewa kofia ya chumba cha upasuaji iliyofunika nywele zote, shingo akafunikwa shuka safi, na kilichoachwa wazi ni mguu mmoja. Mpasuaji alikuwa mwanamme. Matibabu ni dharura na dini yetu imelipa nafasi hilo, hatukuona sababu ya kulifanya kubwa zaidi ya lilivyo. Alichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, akawa macho anasoma nyiradi zake huku wanafanya kazi. Wanaingia kwa matundu madogo na kamera nyembamba. Wanachukua kano za msuli wa nyuma ya paja lake mwenyewe, wanazikunja ziwe kamba moja nene, wanazipitisha katika matundu waliyotoboa kwenye mifupa, wanazifunga. Ligamenti yake mpya, basi, ni yake mwenyewe, imehamishwa nyumba tu.

Tulikaa kwa mama mdogo Magomeni siku kadhaa kabla ya kuvuka kurudi, na safarini aliambiwa achezeshe kifundo cha mguu juu na chini kila mara ili damu isigande. Tunakaa ghorofa ya tatu na lifti hatuna. Kama na nyinyi ni wa ngazi, shikeni hili: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mgonjwa pamoja na magongo. Tulilisema kwa sauti kila ngazi, mpaka watoto wa chini wakaligeuza wimbo.

Kisha ukaanza mgogoro wa mto.

Bibi yetu ana mapenzi. Kila akipita anaona mguu umenyooka juu ya godoro, roho inamuuma, anaingiza mto laini chini ya goti. Mgonjwa anasikia raha kweli. Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole wa hospitali hapa Unguja, alipouona mto ule alibadilika sura. Mto unawekwa chini ya kisigino, goti liachwe lining'inie lijinyooshe lenyewe. Goti likizoea kukaa limekunjika kidogo katika wiki za mwanzo, kulinyoosha baadaye ni kazi kubwa, na lisiponyooka mtu anachechemea hata ligamenti iwe nzuri vipi. Tukawa tunalinda. Mmoja wetu akienda sokoni mwengine anabaki zamu, maana Bibi alikuwa anangoja tutoke.

Barafu tulipata kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu. Alikuwa anatugandishia vifuko vya maji matupu, hakuchukua hata shilingi. Unakifunga kwenye kanga, usikiweke kwenye ngozi tupu, dakika 15 hadi 20, unakitoa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa na kuchuchumaa kulikuwa haramu kwa goti, kwa hiyo Baba alichukua kiti cha plastiki akakikata tundu, akakilainisha kingo kwa moto wa mshumaa. Mambo haya hayamo katika karatasi ya hospitali, na ndiyo yanayomliza mtu siku ya kwanza nyumbani.

La ibada tulirefushe kidogo, kwa kuwa ndilo tunaloulizwa sana.

Udhu haukuwa na shida hata siku moja. Goti halimo katika viungo vya udhu. Unaosha miguu mpaka vifundo, bandeji iko juu huko imekaa salama. Shida ilikuja kwenye josho, alipotoharika hedhi wakati nyuzi hazijatolewa na bandeji haitakiwi kuingia maji. Ustadhati alimfundisha kwa madhehebu yetu ya Shafii: anaosha mwili wote unaooshwa, anapangusa juu ya bandeji kwa maji, na anatayamamu kwa ajili ya sehemu ile isiyofikiwa na maji. Aliandikiwa kwenye kikaratasi kikabandikwa mlangoni mwa bafu. Kila mmoja na amuulize mwalimu wake, maana majeraha hayafanani.

Sala akasali kwenye kiti. Msingi wake ni hadithi ya Imran bin Husayn, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, yeye naye alikuwa na maradhi, akaelekezwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Wengi tunapitwa na jambo moja: kiti si ruhusa ya kukaa sala nzima. Anayeweza kusimama anasimama kwa kisomo chake, kisha anakaa pale asipoweza, na sijda anaiinamia chini zaidi kuliko rukuu. Wiki mbili za mwanzo mdogo hakuweza kusimama muda mrefu. Baadaye aliweza, akawa anasimama.

Mtaalamu alikuwa na kifaa cha kupimia nyuzi za pembe. Sisi nyumbani tulikuwa na vipimo vyetu. Mguu ulionyooka sawa juu ya mkeka, kisigino kikigusa na nyuma ya goti ikigusa, hicho ni sifuri. Kukaa kwenye kiti cha kulia chakula na nyayo chini ni 90, alifika wiki ya pili au ya tatu kwa kuteleza kisigino sakafuni akiwa amevaa soksi. Kupanda ngazi mguu mmoja baada ya mwengine kama watu, hiyo ilichukua zaidi ya mwezi. Kisha kuna mbuzi. Kile kibao ni kifupi, unakikalia magoti yakiwa juu, na mtaalamu hakuruhusu mpaka mwezi wa nne. Siku aliyokikalia alikuna nazi tatu, na tui lilizidi mchuzi. Cha mwisho kabisa ni kikao cha sala. Goti lake ni la kushoto, na katika tahiyatu ya kwanza tunakalia mguu wa kushoto wenyewe, goti limekunjika mwisho wake. Alipofika mwezi wa sita bado kulikuwa na nafasi ya vidole vinne kati ya kisigino na mwili.

Kuna jambo moja tungetamani kila bi harusi mwenye goti aambiwe siku ya kwanza. Kano ile iliyohamishwa, ikishafungwa, haina damu yake. Mwili unaipelekea mishipa polepole, na katika miezi mitatu hivi ya mwanzo inalainika kabla haijaanza kukaza. Kuwa ligamenti kamili kunachukua mwaka na zaidi. Sasa ona hekima yake: maumivu yanaisha mapema kuliko hapo. Uvimbe umekwisha, kovu limefunga, mtu anatembea bila ya magongo, nafsi inamwambia umepona, na ndani kamba iko katika udhaifu wake mkubwa kabisa. Mwezi wa tatu tulikuwa na shughuli ya binamu yetu. Wanawake wakapiga dufu, uwanja umejaa, na mdogo ni mtu wa kucheza. Alicheza mabega amekaa kwenye kiti, machozi yanamtoka na huku anacheka. Yule binamu mpaka leo anasema ndiye aliyenogesha.

Na hesabu zenyewe zinatisha kidogo, kwa hiyo tunazisema. Kwa wachezaji walio chini ya miaka 25 wanaorudi mchezoni baada ya operesheni hii, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, goti lile lile au la pili. Utafiti uliofanywa Norway na Marekani, uliochapishwa 2016, uliona kwamba kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka ufike wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Tisa, si sita. Bibi alifurahi sana na hesabu hiyo, akasema hata goti linabebwa miezi tisa. Daktari alipomsikia akacheka, lakini akakumbusha kwamba yeye anahesabu miezi ya kizungu. Miezi tisa ya mwezi mwandamo inapungua siku nane hivi, na hizo siku nane anazitaka.

Ramadhani ikamkuta mwezi wa tano. Alifunga yote isipokuwa siku zake. Tarawehe rakaa 20 alikwenda na kiti chake cha kukunja. Usiku wa kwanza mama mmoja mtu mzima akasema kwa sauti ya kusikika safu tatu: "Kijana mzima, kiti?" Mkubwa alikuwa na jibu tayari, tena refu. Mdogo akamtangulia: "Niombee dua, mama." Mama yule hakusema kitu. Usiku wa pili alikuwa amekaa kiti cha jirani, magoti yake yeye mwenyewe yalikuwa yanamuuma miaka mingi na alikuwa anaona haya kuleta kiti.

Harusi ikaja kwa wakati wake, Mfunguo Mosi, miezi sita baada ya kisu. Tunaotayarisha maharusi tuna mazoea, na mengine yalibidi yasogezwe. Singo alisuguliwa vizuri, kovu lilikuwa limeshafunga kabisa, ila hapo juu yake walipitisha kwa kiganja tu. Hina ikawa nyepesi kuliko tulivyofikiri, kwani kukaa saa nne mguu umenyooka ni zoezi alilolizoea. Piko tulilikataa mwili mzima, na hilo tunawaambia hata wenye magoti mazima: dawa ya nywele iliyomo ndani yake huunguza ngozi, na tumeona maharusi wameingia ndani na malengelenge. Viatu vilikuwa vya chini, vya dhahabu. Kupiga magoti mbele ya wazee kulifutwa, wazee wakaletewa mkono na busu. Somo, ambaye ni mtu wa maneno yake, aliingia naye chumbani akafunga mlango, wakazungumza ya goti na yasiyo ya goti, na hayo yamebaki huko huko.

Fungate ndiyo iliyotutia wasiwasi. Kwa mila bi harusi siku saba hainui kitu, anatunzwa kama yai. Mazoezi ya goti hayajui fungate. Misuli ya paja la mgonjwa bado ilikuwa nyembamba kuliko ya pili, ukizungusha futi ya fundi cherehani unaona tofauti, na wiki moja ya kulala ingerudisha nyuma kazi ya mwezi. Mdogo aliingia nyumba ya mumewe na begi la vipodozi na mikanda miwili ya mpira ya mazoezi. Alituambia baadaye kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akihesabu, na akikosea hesabu kwa makusudi ili wamalize haraka wakanywe chai.

Miezi tisa ikatimia Mfunguo Nne, na zile siku nane juu yake. Siku hiyo kipimo kikubwa ni cha kuruka: unaruka kwa mguu mmoja mbele, unatua kwa mguu ule ule, unabaki umesimama. Wanapima umbali, kisha mguu wa pili. Mguu uliotengenezwa unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake, pamoja na nguvu za misuli na namna ya kutua. Mdogo alipata 84. Alikuwa ameshaosha jezi. Mtaalamu akamwonyesha kwenye video ya simu jinsi goti linavyoingia ndani anapotua, akampa wiki nyengine tano za kazi. Usiku ule alilala kwetu, kitanda chake cha zamani, na Bibi, kwa mara ya kwanza, akaweka mto chini ya kisigino.

Mara ya pili alipata 93. Sasa amerudi, anacheza robo moja ya mwanzo, dakika 15, halafu anatoka anafunga barafu anakaa na wifi yake benchi. Mwezi ujao wamemwahidi robo mbili. Mama mkwe alikuja kumwangalia mara moja, akaondoka kabla ya mwisho kwa sababu alikuwa ameacha maharage motoni, lakini aliuliza matokeo kwa simu. Shangazi bado hajaja. Na ile nafasi ya vidole vinne kwenye kikao cha sala imebaki kidole kimoja.